Kibao Chekundu cha Chumba 118

Mji ule ulikuwa na ugonjwa wa kutabasamu, na usicheke, maana ulikuwa ugonjwa kweli. Unaenda buchani kununua nusu kilo ya nyama, muuza nyama anakuuliza safari ilikuwaje, na wewe umetoka nyumba ya nyuma yake. Kinyozi anakuharibu kichwa, anakupa kioo na kukuambia ni furaha yake kukuhudumia. Askari wa barabarani anakuandikia faini, halafu anakutakia likizo njema. Hoteli zilikuwa zimejipanga ufukweni mwanzo mwisho, na nyuma yake ndiko walikokaa wenye mji, watu wanaoamka alfajiri kwenda kutandika vitanda wasivyovilalia. Walikuwa wamechekea wageni miaka nenda miaka rudi, mpaka midomo ikazoea kubaki vilevile hata mwenye mdomo anapokuwa na jino bovu.

Sasa, katika wagonjwa wote wa mji ule, hakuna aliyezidiwa kama Mama Taulo.

Mama Taulo alikuwa mtandika vitanda kwenye hoteli kubwa kuliko zote. Jina hilo alipewa na wenzake wa kazini, kwa sababu ukimpa taulo na kugeuza shingo kidogo tu, ukirudisha macho limeshakuwa batamaji mwenye shingo ndefu, amekaa katikati ya kitanda anakutazama. Mume wake alikuwa bawabu wa hoteli hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kuinama kidogo na kusema "Karibu tena," na maneno hayo yalikuwa yamemwingia mwilini hadi basi. Siku walipomzika shemeji yake, alisimama kwenye geti la makaburi akiwashika waombolezaji mkono mmoja mmoja, "Karibu tena, karibu tena," mpaka mkewe alipomfinya. Mtoto wao wa pekee, kijana mrefu mwembamba aliyechanganya juisi kwenye baa ya kando ya bwawa, wenzake walimwita Mrija.

Hata nyumba yao iliajiriwa. Hoteli ilipokarabatiwa, wafanyakazi waligawiwa milango ya zamani, na Bawabu hakuwa mtu wa kuacha mlango upotee. Akaleta yote waliyompa, namba zake juu. Jikoni kwao kulikuwa 221. Choo kilikuwa 305, na mgeni akiuliza msalani ni wapi, Mrija humwelekeza kwa mkono wazi, "Tatu sifuri tano, upande wako wa kushoto." Chumba cha wageni kilikuwa 118, na mlango wake ulikuja na kile kibao chake cha kuning'inia kwenye mkono wa kitasa. Upande mmoja kijani, "Tafadhali safisha chumba." Upande wa pili mwekundu, "Usisumbue."

Na hapa lazima nikueleze, kwa sababu bila hili hutaelewa chochote. Kwenye hoteli zile, kibao chekundu si utani. Kikiwa mlangoni, hugongi, huiti, hukohoi. Mtandika vitanda mmoja aliwahi kugonga mlango wenye kibao chekundu ili tu kuuliza kama mgeni anahitaji sabuni. Kabla jua halijazama alikuwa ameshavua sare. Mama Taulo mwenyewe aliwahi kuona maji yanatoka chini ya mlango wa chekundu. Alifanya nini? Alipanga mataulo kwenye korido, akaketi juu ya ndoo akasubiri mgeni aamke. Meneja alimpa cheti kwa hilo, na kiko ukutani kwake mpaka leo.

Basi, yaliyotokea ni haya.

Mwaka uliopita, katikati ya msimu, Mama Taulo alianguka kwa presha akakimbizwa zahanati. Amelala pale, kichwa kinataka kupasuka, na kila anayepita anamtabasamia. "Hakuna shida. Niko sawa kabisa. Asante kwa kuuliza." Nesi mmoja, msichana mfupi mwenye sauti ya chini, alimpima, akamtazama, akamwona anacheka huku machozi yanamchuruzika mpaka masikioni. Akamshika mkono. "Mama," akamwambia, "hapa si kazini. Ukiumwa, umwa." Jamani! Mama Taulo alilia siku ile kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Alilia mpaka shuka likalowa, na yule nesi akakaa palepale, hakumnyamazisha. Mrija alipokuja kumwona mama yake, akamkuta nesi. Kesho yake akaja tena, mama akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani tangu asubuhi. Mengine unayajua.

Wazee wa pande zote walishakaa wakaelewana, mambo yote yamenyooka, limebaki jambo moja. Mama yake nesi alikuwa mjane, muuza nafaka kwenye mji wa mbali na bahari, na alikuwa amesema hatoi neno la mwisho mpaka aje mwenyewe alale nyumba hiyo usiku mmoja. Mama Taulo aliposikia hivyo alikosa usingizi. Kwa sababu posa ya kwanza ya Mrija, miaka miwili nyuma, ilikufa hivihivi. Yule mama wa kwanza alikuja, akakaribishwa, akahudumiwa, akaondoka akiwaambia watu, "Ni watu wazuri, lakini muda wote nilihisi kama nitaletewa bili."

"Safari hii," Mama Taulo aliwaambia mume na mwana, "asikosee mtu. Nawaomba. Huyu mtoto namtaka."

Wasikosee! Unamwambia samaki asilowe.

Mama Nafaka, tumwite hivyo, alitarajiwa asubuhi. Alifika adhuhuri, jua la utosi, amebeba kapu na uso wa mtu ambaye hajawahi kuuziwa gunia lenye mchanga. Bawabu alifungua geti kabla hajaligusa, akainama. Mama Taulo akampa kitaulo cha baridi cha kujifutia. Mrija akatokea na trei, glasi ya juisi ina kipande cha nanasi ukingoni na mwavuli wa karatasi juu yake.

"Mwavuli wa nini?" aliuliza Mama Nafaka. "Juisi itanyeshewa?"

"Hakuna shida, mama," alisema Mrija, akautoa.

"Nimechelewa. Mmenisubiri tangu asubuhi."

"Hakuna shida kabisa!" wakajibu wote watatu kwa pamoja, kama kwaya.

Mama Nafaka akanywa funda moja, akakunja uso. "Chachu."

Mama Taulo akaitazama glasi. Ile juisi aliionja yeye mwenyewe mara kadhaa, tamu kama nini. "Samahani sana kwa usumbufu," akasema, meno yote nje. "Tutakutengenezea nyingine."

"Na hiki kiti kinaniumiza mgongo."

"Tunashukuru kwa kutuambia," alisema Bawabu.

Mama Nafaka akaweka glasi chini polepole, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakumung'unya maneno. "Nisikilizeni, jamaa zangu. Mimi nina mtoto mmoja tu. Nimewachelewesha hamkununa, nimekitukana kinywaji chenu hamkukasirika. Sasa mimi nitajuaje siku mkikasirika mnakuwaje? Mwanangu ataishi na sura ambazo mimi sijaziona. Nitalala, nitaamka, na kesho nikiondoka nitawaambia neno langu. Lakini kwa jinsi ninavyoona mpaka sasa, siwafichi, naelekea kurudi na mtoto wangu."

Mrija akapauka. Na Mama Taulo, unajua alifanya nini? Alitabasamu. "Chumba chako kiko tayari," akasema.

Akampeleka 118. Kitandani batamaji wawili wa taulo walikuwa wamekutanisha midomo. Mama Nafaka aliwatazama kama anavyotazama panya kwenye mchele, akashukuru kwa kichwa, akaubamiza mlango kwa kisigino. Mlango ukatikisika. Kile kibao kikarukaruka kwenye mkono wa kitasa, kikajizungusha, kikatulia. Upande mwekundu ukatazama nje.

Mama Taulo akasimama ghafla. "Ameweka chekundu," akamnong'oneza mumewe.

"Kumbe anajua sheria," alisema Bawabu, na sauti yake ilikuwa na heshima mpya. Wakaondoka kwa ncha za vidole.

Sasa wao hawakujua, lakini wewe ngoja nikuambie, maana siri hii hainikai tumboni. Mlango ule ulipobamizwa, mkono wa kitasa wa upande wa ndani, ambao Bawabu alikuwa ameahidi kuukaza tangu mwaka juzi, ulichomoka ukaanguka sakafuni. Mama Nafaka alikuwa amefungiwa. Dirisha lina nondo. Na yeye ni mwanamke wa heshima zake. Siku ya kwanza ukweni kwa binti, apige kelele "Nifungulieni" majirani wajae? Thubutu!

Jua likasogea. Chakula kikaiva. Mama Taulo alikuwa sebuleni, hatua chache kutoka kwenye mlango wa 118, anakunja vitambaa vya mezani viwe maua. Anakunja, anakunjua. Moyo wake haupo. Bawabu amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kwa sababu akiona mlango hajui kukaa. Mrija anafuta glasi iliyokwisha kufutwa.

"Kuna kitu kinaungua," alinong'ona Bawabu.

"Wali!" Mama Taulo akakimbilia 221, akarudi na sufuria mkononi, moshi unamfuata. "Si nilikuambia uangalie jiko?"

"Mimi naangalia mlango."

"Mlango unakwenda wapi? Una miguu? Mwanaume mzima umesimama kama mwiko kwenye ugali, wali unaungua pua yako ikiwa hapohapo!"

"Mama, sauti," alisema Mrija. "Mgeni."

Ndani ya 118 mtu akakohoa. Kikohozi kikubwa, cha makusudi. Wote watatu wakaganda.

"Umesikia?" Bawabu alinong'ona. "Anatuambia tunyamaze."

Wakanyamaza. Kikohozi kikaja tena, kirefu zaidi. Wakanyamaza zaidi, Mrija alizuia hata pumzi. Halafu ukasikika mlango unagongwa. Ko, ko, ko.

"Anagonga," alisema Mrija.

"Mgeni hagongi akiwa ndani," alisema Bawabu kwa uhakika wa mtu aliyefungua milango maisha yake yote. "Milango hugongwa kutoka nje."

"Sasa ni nini?"

"Labda anapigilia msumari."

"Msumari wa nini, baba?"

"Mimi najuaje? Wageni wana mambo. Yule mzee wa msimu uliopita si alikuja na bembea yake?"

"Tukamuulize," alisema Mrija, akanyanyua mguu.

Mama Taulo akamdaka shati. "Una wazimu? Chekundu kile!"

Ko, ko, ko. Wakasikiliza kugonga kule kwa adabu, vichwa vimeinama, mpaka kukakoma. Na ndani kukawa kimya kabisa.

Ule ukimya ndio ulimtoa Mrija mchezoni. Alikaa chini kwenye zulia, mikono kichwani. "Basi tu," akasema. "Ameshakasirika. Atakataa. Akikataa, akatae, mama. Nitapata mwingine."

Weee! Laiti angejua.

Mama Taulo aliiweka sufuria mezani kwa kishindo. Uso wake ukaanza kufanya kitu ambacho mwanawe hakuwahi kukiona. Mashavu yalishuka. Mdomo ukafunga. Kwa mara ya kwanza tangu Mrija apate akili, mama yake alikuwa na sura ya kawaida ya mtu mwenye hasira, na hakuwa ananong'ona tena.

"Mwingine? Mwingine nani? Wewe unaoa, mimi je? Nani alikaa na mimi zahanati? Wewe ulikuja na maua ya hoteli na baba yako akamwambia daktari karibu tena! Yule mtoto ndiye mtu pekee katika mji huu mzima aliyeniambia nilie. Unasikia? Mji mzima! Nimecheka mpaka taya zinaniuma usiku, nimechekea watu wanaonirushia taulo mbichi usoni, na hakuna mtu, hata wewe niliyekuzaa, aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Yeye aliuliza. Namtaka awe mwanangu, namtaka hapa ndani, nikikasirika anione, akikasirika nimwone. Na mama yake akimchukua nitalia njia nzima mpaka kituo cha mabasi, watu wanitazame, na cheti chao waje wakichukue!"

"Mke wangu..." Bawabu alianza.

"Sijamaliza! Na huyo mama mwenyewe! Amekuja saa za jua kali miguu yangu imevimba kwa kusimama, hata pole hakusema. Kiti kinamuumiza, kiti gani, kile tulichomlazia godoro zima? Na juisi yangu," hapo sauti ikampasuka, "juisi yangu haikuwa chachu! Hai-ku-wa! Ulimi wake ndio mchachu!"

Jirani alizima redio ili asikie vizuri. Bawabu alikuwa amegandamana na ukuta. Mrija alisimama taratibu, akamwendea mama yake, hakujua la kufanya na mikono yake mirefu, mwishowe akamkumbatia kichwa kizima. "Umechoka, mama?" akauliza.

"Nimechoka, mwanangu," alisema Mama Taulo, akaanza kulia.

Ndivyo nesi alivyowakuta, ametoka zamu, kofia bado kichwani. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Kuna msiba?"

"Mama yako anapumzika," alisema Bawabu.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipofika."

"Mama yangu? Mchana?" Nesi akawatazama kama anayewapima homa. "Mama yangu hajalala mchana tangu anizae." Akaelekea mlangoni.

"Usiguse!" wakapiga kelele wote watatu. "Kuna kibao!"

"Kibao gani?" alisema nesi, ambaye hakuwahi kufanya kazi hotelini hata siku moja. Akabonyeza mkono wa kitasa, mlango ukafunguka.

Mama Nafaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kitasa mapajani. Batamaji mmoja alikuwa amekunjuliwa, amemtumia kujifutia jasho. Wa pili alikuwa bado mzima, amemkumbatia.

"Nilikohoa," alisema.

Mrija akamtazama baba yake.

"Nikagonga."

Bawabu alitazama ule mkono wa kitasa, halafu akatazama dari kana kwamba ndiko ulikotoka. Mama Taulo akaanza kuhesabu yote aliyoyasema. Kila kitu! Mwanamke huyu amesikia kila kitu, mpaka ulimi mchachu. Na mdomo wake, kwa mazoea, ukaanza kupanda wenyewe pembeni. "Samahani sana kwa usum..."

"Acha," Mama Nafaka alisema, akanyoosha kidole. "Hilo tabasamu lirudishe hotelini kwao. Nipe ile sura uliyokuwa nayo saa ile. Nimeisikia tu, sijaiona."

Mama Taulo akamtazama. Mashavu yakashuka, mdomo ukafunga, macho yamevimba. Akajipa moyo. Yamwagike yote, yameshaharibika. "Juisi yangu haikuwa chachu," akasema.

"Haikuwa," alisema Mama Nafaka. "Ilikuwa tamu. Nilikuwa nakupima. Nikiuza mahindi, mteja akiniambia yana wadudu na hayana, namfukuza. Nikasema ngoja nione huyu atafanya nini. Ukaniomba samahani! Nikaogopa sana." Akainuka, magoti yakalia. "Mwanzoni nilitaka kupiga mayowe mlango uvunjwe. Halafu mkaanza kugombana. Nikasema, aa, ngoja nikae kwanza nisikilize. Hawa kumbe ni watu."

Nesi aliwatazama kina mama wawili, huyu na yule. "Mama, umesema nini?"

"Nimesema nina njaa. Uko wapi huo wali ulioungua?"

Wakala chini, kwenye zulia, sufuria katikati, maua ya vitambaa yamesukumwa kando. Mama Nafaka alikwangua ukoko kwa kijiko akampa Mama Taulo kipande kikubwa kuliko vyote, akamuuliza miguu ilianza kuvimba lini. Akajibiwa kwa kirefu. Bawabu, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kutafuta bisibisi.

Asubuhi mgeni akaaga. Nesi alibaki mlangoni, ameshika ndoo ya kufulia kana kwamba amezaliwa mle. Bawabu alifungua geti, akainama, midomo ikajipanga.

"Ukithubutu kuniambia karibu tena," alisema Mama Nafaka, "namchukua mtoto wangu sasa hivi."

Bawabu akafunga mdomo kwa kiganja. Mama Nafaka akamgeukia Mama Taulo, kapu kichwani, akasubiri. Na Mama Taulo, aliyetandika vitanda vya maelfu ya watu na kuwaaga wote kwa maneno yaleyale, alitafuta maneno mengine. Alimwacha afike mpaka kona ya barabara, ndipo akakimbilia getini na kupiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Na safari ijayo usichelewe! Tumekusubiri mpaka miguu ikavimba!"

Mama Nafaka hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, na kutoka pale getini waliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Katika mkono ule alikuwa ameshika kitu chekundu. Mama Taulo alikodoa macho, kisha akarudi ndani kutazama mlango wa 118. Kibao hakikuwepo.

"Amekiiba!" alisema Bawabu.

"Mwache aende nacho," alisema mkewe.